Kwa Mwanga wa Gauni Lako

Mama, shikamoo kutoka Gisenyi. Baridi ya ziwa imenivalisha sweta mbili.

Tangu nifike kwa mdogo wako, hajakutaja hata mara moja. Bado amekununia. Jana jioni tulikuwa tunakula ugali na sambaza, vile vidagaa vya Kivu, umeme ukakatika. Kishikwambi changu cha kufundishia hakina tochi, basi nikafungua picha nyeupe kuliko zote: wewe na gauni lako la Pasaka. Nikakiegemeza kwenye sufuria. Mama mdogo akakutazama, kisha akasogeza sahani upande wako.

Umeme uliporudi, nikanyoosha mkono nikizime.

“Acha kwanza,” akasema. “Iko anakula bado.”

Njoo, Mama. Samaki wanapoa.

Mwanao akupendaye,
Neema