Sahihi ya Pili

Jumatatu, 4 Mei

Wamenipa tuzo! Yaani watanipa — Ijumaa ya wiki ijayo, ukumbini, mbele ya wafanyakazi wote. "Utumishi uliotukuka katika famasia ya hospitali." Miaka thelathini na moja. Mkurugenzi alishuka mwenyewe hadi dirisha la dawa kuniambia. Sikumbuki mara ya mwisho alishuka huku ni lini. Nilikuwa nahesabu vidonge, tano tano kama kawaida yangu, nikapoteza hesabu. Nikaanza upya. Foleni nzima ikanipigia makofi, mama mmoja akauliza kama kwa furaha hiyo leo hatutamchelewesha.

Nimefika nyumbani na habari mdomoni, hakuna wa kumpa. Nimeiambia birika.

Jumanne, 5 Mei

Fomu. Jina, cheo, tarehe ya kuajiriwa, halafu: "Mgeni utakayekuja naye." Kiti kimoja, mstari wa mbele, pembeni yangu. Mke wangu angekuwa ameshaining'iniza suti dirishani ipate hewa. Huu mwaka wa sita hayupo.

Nimempigia mwanangu. Yuko mbali, kazi zimemwelemea, likizo hapati. Hongera sana baba, nitumie picha. Nikamwambia usijali. Kisha nikabaki na simu mkononi muda mrefu, mtu mzima na akili zangu.

Nafasi ile nimeiacha wazi.

Alhamisi, 7 Mei

Dada wa mawasiliano — yule mchangamfu, viatu vyake unavisikia kabla hajafika — kaniletea maelezo yangu yatakayosomwa siku yenyewe. Ukurasa mmoja, na chini kuna mapengo. Shikamoo mzee, tia sahihi tu hapo, hayo mengine nitajaza baadaye.

Nitie sahihi kwenye kitu ambacho hakijajazwa? Mimi? Nikamwambia niachie nisome kwanza. Akacheka: mzee, unahakiki hata sifa zako!

Nimesoma jioni, sahani mbele yangu. Mstari wa nne: "Katika miaka yote hiyo, hakuwahi kukosea dozi hata moja."

Chakula nimekirudisha jikoni.

Ijumaa, 8 Mei

Siku nzima nimefanya kazi kama mgonjwa. Basi niandike. Daftari hili halina mdomo.

Kila dawa ya maji tunayochanganya ina watu wawili. Mmoja anapima, wa pili anahakiki, kisha wote wawili wanatia sahihi kwenye lebo. Wa pili wangu, kwa miaka kumi na miwili, alikuwa Kalamu Nyekundu. Tulimwita hivyo kwa sababu alihakiki kwa wino mwekundu tu. Mkali! Ukiandika tarakimu vibaya anakurudishia karatasi bila neno. Lakini ndiye aliyenichekesha kila siku ya Mungu. Ndiye aliyenibatiza Tano-Tano.

Mwaka ule mama yake alikuwa kitandani. Mchana alitoroka saa nzima kwenda kumlisha. Tukajitungia njia yetu — aibu hata kuiandika — akawa anatia sahihi kwenye lebo tupu kabla hajaondoka, mimi naendelea na kazi. Miezi miwili, mambo shwari. Siku moja ikaja dawa ya moyo, ya kichanga wa wodi ya watoto. Nikaweka mara kumi ya kipimo. Nukta moja tu ya desimali! Muuguzi akaona sahihi mbili, akaamini, akampa.

Mtoto alikaa siku nne kati ya kufa na kupona. Akapona. Mungu mkubwa.

Kwenye kikao waliuliza nani alihakiki. Akasema: mimi, na sikuliona kosa. Hakusema kwamba hakuwepo. Mwanangu ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule, naye alilijua hilo. Nilikaa pembeni yake nikingoja anitazame, ndipo niseme. Hakunitazama. Sikusema. Wakasema mpimaji anaweza kuteleza, mhakiki yupo kwa ajili hiyo hiyo. Yeye akafukuzwa. Mimi nikaonywa kwa mdomo, na baada ya miaka miwili nikawa mkuu wa kitengo.

Hii ni miaka kumi na tisa. Tangu siku ile nimefanya kazi na wahakiki saba. Hakuna hata mmoja niliyemzoea.

Jumapili, 10 Mei

Namba ya Kalamu Nyekundu nimeipata kwa muuguzi mmoja mstaafu. Nimepiga mara tatu, nikakata kabla haijaita. Ya nne akapokea.

Sauti ileile. Nani mwenzangu? Nikasema Tano-Tano. Akauliza kama bado nahesabu. Nikasema bado. Nikamweleza tuzo, nikamsomea mstari wa nne, nikamtajia siku na saa. Nikamwambia dada, njoo ukae kwenye kiti cha mgeni wangu, nitasema ukweli mbele yako.

Akasema: "Miaka kumi na tisa ulikuwa na simu."

Nikasema ndiyo, dada. Akaniambia mama yake alifariki wiki ya pili baada ya kikao. Watu wa hospitali walikuja kuzika, akawa ananitafuta kwa macho katika kundi lile. Sikwenda. Niliogopa. Nililia hapa hapa nyumbani, mke wangu akadhani naumwa jino.

Hakukata simu. Mimi ndiye niliyekata. Hata hilo!

Jumatano, 13 Mei

Nimepekua droo zote kazini, nikaipata kalamu nyekundu moja, nusu imekauka. Nimeufuta mstari wa nne nikaandika juu yake: "Alikosea mara moja, kosa akambebesha mwenzake." Nikapanda ghorofani.

Mkurugenzi kasoma, kavua miwani. Mzee wangu, yaliyopita si ndwele! Mtoto mwenyewe alipona. Ukilisema leo tutalazimika kulifungua faili, na wewe unastaafu mwezi ujao. Tuachie tukusherehekee. Nikamjibu kwamba mimi ni mfamasia, na maradhi ya zamani ndiyo huwa sugu. Akacheka sana, akadhani namtania. Karatasi ameibakiza mezani kwake.

Sikutia sahihi popote.

Kwenye nafasi ya mgeni nimeandika jina kamili la Kalamu Nyekundu, lake na la baba yake na la babu yake. Hakuahidi kuja. Sina haki ya kumpigia tena.

Nimepiga pasi suti. Inanipwaya. Sikujua kama nimepungua hivi — nani wa kuniambia?

Ijumaa, 15 Mei

Ukumbini. Naandika juu ya goti. Hotuba ya mkurugenzi haina mwisho, na walio karibu wanadhani naandaa neno la shukrani. Kiti pembeni yangu kitupu, jina lake limebandikwa mgongoni pa kiti. Watu watatu wameshaniomba wakikalie. Hapana, kina mwenyewe.

Dada wa mawasiliano kaja, kaninong'oneza: maelezo yamerudishwa kama yalivyokuwa, bosi kasema. Nikamwambia lakini sikutia sahihi. Akanipigapiga begani. Hamna shida mzee, sahihi haisomwi.

Saa tano na robo. Hatakuja. Ningekuwa yeye nisingekuja.

Mlango wa nyuma umefunguka. Bibi mmoja, kichwa kizima mvi, mkoba kaukumbatia kifuani. Simjui.

Namjua!

Hajakaa. Kasimama karibu na mlango, kaegemea ukuta. Nimemwonyesha kiti kwa mkono. Ametikisa kichwa.

Wameanza kusoma maelezo yangu. Mstari wa kwanza. Wa pili. Naandika haraka, mwandiko huu yeye angenirudishia. Nimegeuka tena nyuma. Kwenye kikao kile hakunitazama. Leo ananitazama, hapepesi.

Wa nne. "...hakuwahi kukosea dozi hata moja!" Makofi. Ukumbi mzima umesimama. Yeye hapigi makofi, mikono yake iko palepale kwenye mkoba.

Naitwa. Mkurugenzi ananyoosha mkono, mpiga picha kapiga goti. Nimeweka kidole kwenye ukurasa wa tarehe nane, ule wa kosa na kikao, naenda na daftari. Hadi kwenye kipaza sauti ni hatua kumi na tano, nimeshazipima. Wananiita mara ya pili. Tano, tano —