Kihisi cha Plastiki

9 Januari

Dada,

Salamu. Sisi tupo. Umenifungia simu yako mwaka wa tatu sasa, kwa hiyo nimelazimika kutafuta kalamu. Usijipe moyo, si mimi niliyekukumbuka. Baba ndiye aliyeniamuru.

Samaki wamehamia kwenye kina kirefu, na boti zenye mashine ya kuwaonyesha ndizo zinazorudi zimejaa. Mashine tunayo, Baba aliipata kwa nahodha mmoja aliyestaafu, lakini ni kioo kitupu. Kile kidude cha chini ya boti, kinachopiga sauti majini na kuisikiliza ikirudi, hakipo. Baba anasema hiyo ndiyo kazi yako huko karakana, basi uchague wewe. Kina chetu ni pima arobaini hadi sitini. Boti ni ile ile ya mbao unayoijua.

Baba ana kikohozi kidogo. Anakusalimu.

Mdogo wako

22 Januari

Mdogo wangu,

Barua imefika. Mimi mzima, kama ulitaka kujua. Mwambie Baba aache kulala na dirisha wazi.

Kidude hicho kinaitwa kihisi. Kipo cha kufunga nyuma, karibu na injini, lakini kwa unavyoendesha wewe mapovu ya propela yangekitia upofu. Nimekuchagulia cha kupita kwenye sakafu ya boti, kimo ndani ya boksi hili. Toboa upande wa nyuma, shibiri moja kutoka kwenye mkuku, ule uti wa boti, pale ambapo boti hata ikikimbia haiinuki majini. Paka gundi ya baharini ndani na nje. Nati ikaze kwa mkono, kisha nusu mzunguko wa spana, basi. Yote nimeyaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, maana nakujua.

Siku ile gatini uliwaambia mabaharia wako kwamba mwanamke hatakupa amri kwenye boti unayoiongoza. Haya, usinitii mimi. Itii nati.

Dada yako

11 Februari

Dada,

Hatujambo. Kidude kinafanya kazi. Baba anakaa mbele ya kioo tangu tunang'oa nanga mpaka tunarudi, na kila akiona alama za samaki ananishika bega, kana kwamba mimi sina macho. Juzi tumeshusha maboksi ishirini na mawili. Kila anayepita gatini anaambiwa, "Kimechaguliwa na binti yangu." Mimi niliyelala chini ya boti nikitoboa, vumbi la mbao limejaa machoni, sitajwi. Hongera. Miaka mitatu hujakanyaga hapa, umetuma boksi moja, umekuwa mtoto mwema.

Usihangaike kujibu.

Mdogo wako

2 Aprili

Dada,

Sina salamu. Jumanne tulikuwa wawili tu, mimi na Baba, nchi kavu haionekani, maji yakafika kwenye injini. Nilipong'oa mbao za sakafu nikakuta kihisi chako kimepasuka shingoni na maji yanaingia kama bomba lililoachwa wazi. Nikasokomeza fulana yangu kwenye tundu na kuikanyaga. Baba alitoa maji kwa ndoo saa tatu mfululizo, na miaka yake sabini na moja, mpaka boti nyingine ikatukuta. Alipovushwa kwenye boti ile akaanguka. Daktari anasema ni moyo, na kwamba hatarudi majini tena.

Ulitutumia takataka. Njoo umweleze mwenyewe.

Aliyekuwa mdogo wako

8 Aprili

Mdogo wangu,

Baba anaendeleaje? Nimepiga simu wodini, muuguzi akaniambia amelala.

Vifaa ninavyochagua havipasuki vyenyewe. Kimepasuka shingoni kwa sababu nati uliikaza kama unafunga gurudumu la lori. Niliandika nusu mzunguko. Ungesikia la mwenzio hata mara moja maishani mwako, leo Baba angekuwa nyumbani.

Dada yako

23 Aprili

Mdogo wangu,

Hujajibu, na sikulaumu. Natumaini Baba anakula.

Ndani ya boksi kulikuwa na kijitabu cha kiwanda. Kimeandikwa wazi kwamba kihisi cha plastiki kisifungwe kwenye boti ya mbao, kwa sababu mbao ikilowa huvimba na kukibana mpaka kipasuke. Boti ya mbao inataka cha shaba. Nilijua. Cha shaba kingechukua wiki sita kufika, nami nilitaka Baba aone kwamba ameniita na nimeitika upesi, kabla wewe hujapata la kusema. Nikajiambia cha shaba nitakituma baadaye. Kijitabu nikakitoa, nikaweka karatasi yangu mimi. Hadi leo kimo kwenye droo yangu karakana.

Nati sijui uliikazaje. Nilisema tu.

Msomee Baba barua hii yote. Usiruke mstari kwa kunisitiri, na usiongeze wako.

Dada yako

30 Aprili

Dada,

Baba ametoka hospitali. Anatembea hadi mlangoni na kurudi.

Nimemsomea. Sikuruka wala sikuongeza. Nilipomaliza nilikuwa tayari kukutukana ukurasa mzima. Baba akanitazama, akaniuliza, "Na wewe?"

Basi nikamwambia. Siku nne kabla ya Jumanne ile nilikuta maji kwenye ngama, chini kabisa, pale kwenye kihisi. Nikayakausha kwa tambara nikanyamaza. Nilijua angeniambia nikuandikie, na niliona heri boti ivuje kuliko kukuuliza wewe jambo tena. Nati niliikaza nusu mzunguko, kama ulivyosema. Hilo nataka ulijue.

Sijakusamehe, na sidhani kama wewe umenisamehe.

 Baba akauliza tundu limezibwa na nini. Nikasema kipande cha mbao na lami. Akasema, "Mwandikie mwenye kijitabu, aje nacho, na cha shaba. Yeye atasoma, wewe utafunga, mimi nitakaa hapo niwatazame."

Basi la kutoka kwako huingia saa nane mchana. Nitakuwa stendi. Nitakusalimia, kwa sababu Baba ataniuliza kama nilikusalimia.

Mdogo wako