Sifuri Nne za Karani

Ofisi ya Waangalizi wa Uvuvi,
Chumba cha Mafunzo,
S.L.P. 214.

Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Wewe na shemeji hamjambo? Goti lako limepona, au bado unashuka ngazi kinyumenyume? Na wanao, kikohozi kimewaacha? Sisi tunakula, tunalala, tunaamka. Mimi sina homa wala maumivu. Watu huniuliza kama nimeshalia, nami hujibu bado, kama mtu aliyeulizwa kama ameshaoga.

Barua yako kutoka huko ng'ambo ilifika Alhamisi. Shangazi amekuambia kwa simu kwamba Baba alikutaja siku ile anafariki, nawe unataka nikuambie kama ni kweli, baada ya miaka kumi na moja ya kununiana. Nitakujibu. Ila nianze na habari za kazini, kwa sababu ndiko nilikokuwa.

Tarehe 8 Julai nilipanda meli na wanafunzi watatu. Kazi yenyewe unaijua: kila wavu unapovutwa, mwangalizi anahesabu na kupima kilichomo, na anaandika pia viumbe ambavyo havikukusudiwa, hasa kasa. Hamwamuru nahodha, hagusi usukani. Anaandika tu. Wanaopanga samaki wavuliwe kiasi gani wako nchi kavu, na hawana macho mengine ila hayo.

Mmoja wa wanafunzi tunamwita Karani. Ana miaka hamsini na miwili, alikuwa karani kweli kabla ya ofisi yao kufungwa, na mwandiko wake unaweza kuuning'iniza ukutani. Bahari ilimkataa siku ya sita. Alijilaza na ndoo kifuani, na mpishi wa meli kila akipita mlangoni anamuuliza, "Karani, leo tunapima samaki au tunapima ndoo?" Naye anajibu bila kufumbua macho, "Pika, mzee, pika. Usinitajie samaki."

Jioni alinikabidhi fomu. Nyavu nne zilizovutwa siku hiyo, na kwenye safu ya kasa ameandika sifuri nne, za duara kamili, kama amezichora kwa bilauri.

Wiki nzima darasani nilikuwa nimewaambia: sifuri maana yake nimetazama, sikuona. Kama hukutazama, piga mstari. Wote huitikia ndiyo, kisha wakifika baharini wanauogopa mstari kwa sababu unawaumbua. Mimi nilikuwa sitahani siku hiyo, na shajara yangu ya tarehe 13 inasema: "Upepo wa wastani. Wavu mara nne. Wavu wa tatu, kasa wawili, wamerudishwa majini wazima."

Nilimwonyesha. Akaitazama shajara kwa muda, akasema, "Mwalimu, mimi nimekupa karatasi safi. Mistari minne ingeonekana kama uvivu." Nikamwambia mistari minne ingekuwa kweli. Akauliza kama amefeli. Nikasema siku hiyo inafutwa, na safari hii atairudia na kundi la mwezi wa kumi, wakimkubali kwa umri wake. Alinishukuru kwa adabu sana. Sikuhisi kitu. Nilipiga mhuri na kwenda kula.

Tulirudi gatini Jumamosi tarehe 18. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa amesimama pale na kofia mkononi, na yeye havuagi kofia. Baba alifariki Jumatatu tarehe 13 saa nane mchana, akazikwa kesho yake. Ofisi walijua. Waliona haina maana kuniambia kwa kuwa meli haigeuzwi kwa ajili ya mtu mmoja, na kweli haigeuzwi. Nilisaini kurudisha maboya na vipimio vya urefu, kisha nikaenda nyumbani.

Sasa, kuhusu Shangazi. Ndiye pekee aliyekuwa naye chumbani, na sikio lake la kulia unalijua. Tangu msiba, kila anayeingia kutoa pole anaambiwa, "Alikutaja wewe, mwanangu." Kinyozi alitajwa. Jirani aliyemshtaki Baba kwa sababu ya ukuta alitajwa. Yule anayetuletea maji alitajwa, akakaa kwenye kiti cha Baba akalia hadi mitungi ikasahaulika. Simlaumu Shangazi. Anampa kila mtu karatasi safi.

Kwa hiyo, Dada, kwa tarehe 13 mimi sikuwepo. Siwezi kukuandikia kwamba alikutaja, na siwezi kukuandikia kwamba hakukutaja. Napiga mstari. Najua sicho ulichokisubiri.

Ninachoweza kukupa ni kile nilichokishuhudia. Nimefungua shajara na kukunakilia kama kilivyo, sijaongeza wala kupunguza:

"Jumanne, 7 Julai. Saa nne asubuhi nimemnyoa Baba ndevu. Kauliza: Kule sasa ni saa ngapi? Nikahesabu kwa vidole, nikamwambia saa tisa usiku. Akasema: Basi amelala. Msimwamshe. Wembe umekwisha makali, ninunue mwingine."

Sikumuuliza ni nani aliyelala. Huko hatuna mtu mwingine. Nilimfuta povu sikioni nikaenda kufunga mkoba wa safari, na sikulifikiria tena mpaka ulipoandika.

Msalimie shemeji, na wanao uwabusu kwa niaba yangu. Binamu anakusalimu, mguu wake umetolewa plasta. Shangazi naye anakusalimu. Akikupigia tena mwitikie tu, usimbane. Mungu akutunze huko, mchana wako ukiwa usiku wetu.

Saa ya ukutani ya Baba iko kwangu. Sijairekebisha ifuate saa za huko. Nikitaka kukupigia simu bado nahesabu kwa vidole, kisha naona umelala.

Wako akupendaye,
Kitindamimba