Shingo ya Maksai

Buchani, chumba cha nyuma
Jumapili, 3 Juni

Mpendwa mpwa wangu Njiti,

Hujambo wewe, na mkeo hajambo? Kile kikohozi chako kimepona? Sisi huku wazima. Mkaza mjomba wako goti linamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi hauna tatizo lolote. Mimi bado nakata nyama, na vidole vyote kumi ninavyo.

Picha yako imefika. Nimeibandika juu ya mzani, na wateja wananiuliza huyu ni bondia wa wapi. Nawajibu ni yule yule mpwa wangu tuliyemwita Njiti kwa wembamba. Kusema kweli umejazia. Mama yako ananiambia ni zile sindano za vitamini anazokuuzia mwalimu wa mazoezi, mwaka na nusu sasa.

Nikupe habari ya kukuchekesha. Unajua nilikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba. Mwaka jana niliwanunulia fahali wa kuwapanda. Miaka thelathini nanunua ng'ombe kwa kushika shingo, maana sisi wa bucha tunatazama nyama. Shingo ya huyu haikuenea mikono yangu miwili. Nikalipa, wala sikuinama kutazama kwingine.

Miezi mitano akawapanda, hakuna aliyeshika mimba. Nikasema hawa majike ni tasa. Yule mwekundu nikamchinja.

Daktari wa mifugo alipokuja kumchanja aliyebaki, alimpapasa fahali wangu katikati ya miguu ya nyuma, akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Alikuwa maksai. Walimhasi kwa koleo akiwa mkubwa, mfuko wa korodani ukabaki, ndani kumenyauka. Akanieleza kwamba homoni ya kiume ndiyo inayonenepesha misuli ya dume, awe ng'ombe awe mtu, na huyu shingo alishaijenga kabla ya koleo. Hata majike wana homoni zao zinazosaidia misuli. Mkaza mjomba wako alipokoma kuona siku zake, kupungua nguvu hakukuwa uvivu. Hilo nimeamriwa nilirudie kila siku.

Basi nikamwonyesha picha yako kwa kujisifu. Hakucheka. Aliuliza kama unadungwa sindano, kisha akauliza kama una watoto. Nikamwambia mwaka mzima mnatafuta.

“Homoni ikiingizwa kutoka nje,” akasema, “mwili unaona yake haihitajiki. Korodani zinalala. Misuli inajaa, mbegu zinakwisha.”

Kama zako ni vitamini kweli au ni hiyo homoni, yeye hajui, mimi sijui, na nadhani hata wewe hujui. Anasema wengi hurudi sawa wakiacha, ila huchukua miezi, na kuacha kwenyewe kusimamiwe na daktari wa watu.

Njiti, nimeogopa. Mkeo alimwandikia mkaza mjomba wako kwamba tarehe kumi na tisa anapasuliwa kutazamwa kizazi, baada ya miezi ya kumeza vidonge. Wewe hujapimwa hata mara moja. Na nani alimwambia mama yako, tukiwa mezani, kwamba tatizo lazima liwe la mke kwa sababu mume ni fahali? Ni mimi. Mama yako akakupigia simu siku hiyo hiyo, nawe ukalibeba neno langu hadi kwa mkeo. Naona aibu.

Yule ng'ombe mwekundu nilipompasua, kizazi chake hakikuwa na kasoro yoyote niliyoiona. Nilikishika mkononi. Wateja walikuwa wamepanga foleni, nikakiweka kando nikaendelea kukata.

Nenda kapimwe wiki hii, kabla ya tarehe hiyo. Chupa za sindano zipeleke kwa daktari zote, hata tupu. Mabega yakisinyaa, nguo zako za zamani mama yako anazo, na sisi tutakupenda vile vile.

Mama yako anakusalimu, mkaza mjomba wako pia, na binamu yako fundi cherehani anauliza kama ni kweli mashati hayakutoshi. Mungu akupe moyo wa kusema, na awajalie watoto.

Salamu za mkeo usimpe kwa mdomo. Mpe barua hii aisome mwenyewe, kuanzia juu.

Wako akupendaye na aliyekosea,
Mjomba wa Bucha