Mzigo wa Kawaida

Nairobi,
Jumapili

Kwa kaka yangu Paskali,
Endasak.

Shikamoo, kaka. Ipokee yote, maana wewe ni mkubwa wangu na hasira haiondoi ukubwa. Mama anaendeleaje na magoti? Maharage mmevuna, au mvua imewakimbia tena? Nasikia tangu tumekatwa kutoka Arusha tukaitwa Manyara mmeahidiwa barabara. Ikichongwa mtaniambia. Mimi kwa mwili ni mzima, nakula na nalala. Kwa mengine, nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungesema mtandao mbaya, halafu ungekata.

Landrova ya baba imekufa.

Unajua nilikuwa nataka nini. Mwangi, mwenye yadi ninayofanyia kazi, alikubali tuwe wabia. Yeye anatoa yadi na mitambo, mimi naleta gari moja la zamani linalovuta kwa magurudumu yote manne, tunalijenga liwe la kupeleka wageni porini, walale juu yake na kupika nyuma yake. Gari likisimama vizuri, nusu ya kazi ni yangu. Likishindikana, nabaki kwenye mshahara wa wiki mpaka nizeeke. Nimelala chini ya magari ya watu tangu nina ndevu tatu, kaka. Hakuna aliyenisomesha ufundi, hakuna aliyeniombea nafasi. Hii ilikuwa ya kwanza.

Ya kuchagua yalikuwa magari mawili: Landkruza ya yule mfugaji wa Getanuwas, na hii ya baba, aliyoinunua shamba la ngano lilipokuwa linauza magari yake. Nikapiga hesabu. Hema la juu, kilo sitini. Maji lita themanini, kilo themanini. Petroli madebe manne, sitini nyingine. Matairi mawili ya akiba, hamsini. Sanduku la jiko, koleo na jeki, hamsini. Jumla mia tatu, na hajapanda mtu. Landkruza ilikuwa na chesisi nene, ule uti wa chuma unaobeba gari zima, na injini ya nguvu, lakini mabati yake yalishaliwa na kutu, ukisimama nje unaona viatu vya abiria. Landrova bodi yake ni alumini, nyepesi, haishiki kutu, na injini yake naijua kama mfuko wa suruali yangu. Kilibaki kitu kimoja nisichokijua: imefanya kazi gani tangu baba afariki. Nikakuuliza kwa barua, nikapigia mstari, gari limebeba nini miaka hii? Ukajibu: mzigo wa kawaida.

Kwa neno kawaida mimi nilielewa mahindi. Nilielewa maharage, akina mama wa kwaya, labda ndama mmoja mgonjwa. Nikamwambia mfugaji amtafute mteja mwingine. Akampata wiki hiyohiyo.

Gwandu, mtoto wa baba mdogo, akaileta mpaka Namanga nikaipokea pale. Imeng'aa. Juu mmeiosha, chini mmeipaka oili chafu, nyeusi tii. Mwangi akaizunguka, akagonga mlango kwa vidole.

"Boni, huyu mzee ametunzwa kuliko nyanya yangu."

"Kwetu hatutupi vitu," nikamwambia. Nilijisikia, sitakuficha.

Tukafunga hema, tangi na kila kitu, tukaitoa kwenda kuijaribu kwenye njia ya mawe. Mwangi usukani, mimi pembeni. Tukaingia kikorongo ambacho pale kwenu ndama anakiruka bila kuangalia. Nikasikia mlio kama wa mtu anayevunja kuni gotini, na nyuma ikakaa chini. Mwangi akazima injini. Nikaingia uvunguni na bisibisi, nikakwangua ile oili. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Ndani hamkuwa na chuma, kulikuwa na maganda mekundu, unayapukutisha kwa kidole, na katikati ya maganda chembe nyeupe. Nikaonja. Mimi nimezaliwa huko, kaka. Chumvi ya ziwa Balangida siambiwi na mtu.

Gwandu alikuwa bado kwangu, anasubiri alione gari limekamilika ndipo arudi. Nikamkuta anapika ugali.

"Gwandu, mlikuwa mnabeba chumvi?"

"Ya ng'ombe? Kila mnada. Nani habebi?"

"Hata ikiwa imelowa?"

"Iliyolowa ndiyo nzuri, haimwagiki njiani."

"Mbona kaka hakuniambia?"

Akageuza ugali kwanza. "Wewe uliuliza mzigo. Ungeuliza chumvi, angekwambia chumvi. Kaka Boni, kitu kinachonenepesha ng'ombe kinaweza kuua gari?"

Kwetu chumvi haihesabiwi. Mtu akitoka Balangida na gari limejaa akaulizwa amebeba nini, anasema sijabeba kitu, ni chumvi tu. Hata mimi nimeshasema hivyo nikiwa mdogo. Maji yake yanachuruzika ndani ya chesisi, yanakaa, yanakula polepole, na juu alumini inawachekea tu.

Nikamwomba Mwangi achomelee. Akapiga nyundo mara mbili, akaiweka chini. "Naweza kuunga chuma na chuma. Kutu sijui kuunga." Nikamwambia tutafute chesisi nyingine. Akasema chesisi ipo, ila wageni hawapo wa kutungoja, na tayari ameongea na mtu mwenye gari zima awe mbia wake. Hakuwa na ubaya. Vijana wa yadi ndio wenye maneno. Siku hizi nikipita wananiuliza, "Mtanzania, leo umekuja na gari au na chumvi ya kitoweo?"

Sasa nije kwako. Sikuiti mwongo. Kama ni neno kawaida, nimekubali, tumelelewa nyumba moja na mimi ningeweza kulisema. Lakini ile oili, kaka? Gwandu anasema ni wewe uliyemwambia apake, na apake mara mbili pale nyuma. Mtu hapaki mara mbili mahali asipopaona. Kama uliona kutu ukadhani ni kidogo, niambie hivyo. Kama uliogopa nisiichukue na wewe ukabaki na gari bovu, niambie hivyo pia. Vyote viwili naweza kuvibeba. Kimya chako siwezi kukibeba.

Kuna la mama. Aliniambia Krismasi atapanda gari la baba, akae mbele, nimpeleke Endagikot kwa dada yake. Gwandu anasema ameshawatangazia majirani na ameshonesha gauni. Injini nimeuza, mabati nimeuza. Chesisi hata mnunuzi wa vyuma chakavu aliipima, akapunguza kilo kumi na mbili, akasema hizo ni udongo. Gari la kumbeba mama halipo.

Mwambie wewe. Usimtume katekista, usimtume mtoto, na usingoje nije mimi. Mwambie mchana, akiwa amekaa, na useme chumvi, usiseme mzigo. Ukishamwambia nijulishe, nami nitakuja kwa basi, nitampeleka Endagikot hata kwa pikipiki. Usipomwambia sitakuja, maana atatoka nje kila akisikia injini inapanda mlima, na mimi sitaweza kukaa ndani nikimwangalia.

Msalimie mama, mwambie nampenda, hilo halihitaji kusubiri. Msalimie shemeji mkeo, na baba mdogo mzazi wa Gwandu, mwambie mwanawe hana kosa na nimempa nauli. Wasalimie watoto wako, na yule jirani anayetuchungia ng'ombe.

Nabaki kusubiri neno lako,

mdogo wako,
Bonifasi.