Mukono wa Nyuma ya Gari

Nsimire, mutoto yangu ya kwanza,

Nakusalimia sana, na mikono yote mbili. Uko muzima? Ile homa ilikuachaka ao ingali inarudi magaribi? Badogo yako banakula, banafunga mulango mbele giza iingie? Usiniambie tu "tuko bien, maman". Nataka ukweli, juu huku fasi niko, wakati sijue kitu, roho yangu inajitengenezea yake, na yenyewe inatengenezaka tu mabaya.

Sisi tuko bazima. Nasema ile mbele ya yote, ili usisome na mbio ukitafuta fasi ya kifo. Papa yako iko hapa pembeni yangu, ameegemea taili, anakula muhogo ya kuchoma. Tuko bazima.

Tuko ku barabara ya Kamituga, mu mustari ya magari. Mbele yetu iko shimo ya tope, na gari ya mutu mwengine imezama ndani mpaka ku milango. Batu banachimba, mvua inajaza, banachimba tena. Rezo ya simu haiko. Motari moja ataweza kupita pembeni na pikipiki yake, amekubali kunibebea barua mpaka Nyawera, kwa atelier fasi unashonea. Naandikia ku goti. Masomo yangu unajua iliishia wapi, basi fasi utaona neno imepinda, inyooshe weye mwenyewe.

Habari yako ilinifikia. Shofere mwenzetu njo alituletea mu kinywa, mbele ya bengine, akasema mutoto yenu wa Bagira, kisha ndoa, anataka kuacha mashini ya kushona, apande gari na Pacifique, muchumba yake, batumike pamoja sawa vile papa na maman banatumika. Na anangoja maman yake aseme ndiyo. Bashofere balicheka, bakasema muzee, mu nyumba yako bote banazaliwaka na harufu ya mazuti ya gari. Papa yako alicheka nabo. Miye sikucheka. Tangu ile siku swali yako inaniikala mu tumbo sawa bugali haikuiva.

Mbele nikujibu, nataka nikuelezee kitu ilitupata. Kwa badogo yako usibasomee hii fasi.

Kazi yangu ku mulima unaijua, lakini uliionaka kwa mbali tu. Wakati gari inapanda na muzigo, miye nashuka, natembea nyuma pembeni ya taili, nimebeba gogo ya muti na kamba yake. Gari ikichoka, papa yako anasimama, na miye nasukuma gogo nyuma ya taili ili isirudi. Kisha napiga ubao wa gari na kitanga cha mukono. Moja, maana yake nimeweka, pumuzika. Mbili, maana yake nimeshajitosha, enda. Yeye iko mbele, injini inalia, hanione, hanisikie sauti. Mukono yangu tu njo anasikia. Miaka yote hii tunapanda milima na ule mukono.

Basi tulikuwa tunarudi, tumejaza bidoni za mawese, na juu ya muzigo batu, sawa kawaida. Kati yabo maman moja munene, mwenye ile mafuta ya mawese, mwenye kusema sana. Ile mulima iko mbele ya Mwenga, udongo yake ni nyekundu, na mvua ikishanyesha inakuwa sawa sabuni. Tulifika katikati, gari ikachoka, ikasimama. Niliinama niweke gogo. Sikukuwa nimemaliza. Ule maman kule juu akasikia haja inamubana, akataka kushuka. Yeye hajue kitu. Akapiga ubao na kitanga chake, pa, pa, sawa vile batu banapigaka wakati banataka gari ibangoje.

Papa yako alisikia mbili. Akaachilia freni ili aende.

Gari ya muzigo, mutoto yangu, haiendake mbele kwanza. Inarudi kidogo, kisha njo inavuta. Ilirudi. Gogo iliteleza, taili ikakamata pindo ya kikwembe nilijifunga na ikaanza kuikunja chini. Nilisikia inanivuta kiunoni. Sikulia ata. Nilifungua fundo na vidole sijue vya nani, nikajitupa ku mufereji na jupo ya ndani peke yake, na kikwembe ikaenda chini ya taili pa fasi yangu.

Batu ya juu balipiga kelele. Papa yako alizuia gari, bengine bakaruka, mutu akaweka jiwe. Alishuka. Kitu aliona ni ile kikwembe, ya majani ya njano, inatoka chini ya taili, na tope nyekundu juu yake. Alipiga magoti. Aliniita jina ya kwetu, M'Mugisho, jina ya papa yangu, ile hakuniitaka tangu uliposhikwa mu tumbo. Anaita huku anachimba chini ya taili na mikono. Na miye niko nyuma yake mu mufereji, namuona, na sauti haitoke. Nilitaka kusema niko hapa. Kinywa ilifunguka bilashi. Ule maman wa mafuta njo alinionyesha na kidole, akasema, "Papa, bibi yako iko kule, ameikala mu maji."

Aliniangalia sawa mutu anaangalia kitu hajalipia bado. Kisha akasema, "Nilifikiri ni weye njo unapiga."

Bamama balinifunga kikwembe ingine. Ule wa mafuta alilia kushinda bote, akaapa hatapiga tena ubao wa gari mpaka kufa, kisha akakumbuka haja yake, akakimbilia mu majani, na batu bakacheka. Nami nilicheka.

Tulirudisha gari polepole na mawe mpaka chini, fasi pako kijiji. Na pale njo shida ya kweli ilianza. Papa yako hakuweza tena. Alipanda mu gari, akashika volani ya kuendesha, akashuka. Akapanda, akashuka. Balimupa chai, ikamwagika yote juu ya suruali. Magari ya nyuma yanapita, bashofere banamuuliza muzee, gari iko pane, imeharibika? Anasema ndiyo, injini. Injini haikukuwa na kitu.

Na kuikala pale haiko muzuri. Ile fasi, jua ikianza kushuka, batu banafunga milango na hawaulize ni nani anapita. Tulilala ndani ya gari hatulale. Jani ikianguka juu ya muzigo, nasikia viatu. Nilisali rozari mpaka vidole vikasahau fasi vilikuwa.

Asubui papa yako akanitafutia pikipiki. Akasema nirudi kwa batoto, yeye atapata mutu wa kubeba gogo. Nikamuuliza ni mutu gani, akasema mutu tu. Nikasema, "Na mukono ya ule mutu, utaiamini?"

Akaokota gogo, akaiangalia.

Nikamuambia, "Basi beba gogo weye. Miye nitapanda na gari."

Unajua nakamataka volani ku tambarare, wakati papa yako anasinzia. Ku mulima sijafanyaka, ata siku moja. Nilisema vile juu ya woga, haikukuwa nguvu. Niliogopa kumuacha pale kushinda vile niliogopa mulima. Batu ya kijiji balitoka kuangalia. Ule maman wa mafuta akasema yeye atapanda kwa miguu, mafuta yake iende kwa Mungu yenyewe. Shofere moja akamuuliza papa yako kama amekuwa convoyeur, mubeba gogo, wa bibi yake sasa. Papa yako akatia kamba ya gogo ku bega, akasema, "Ndiyo. Na anilipe muzuri."

Nikaanza kupanda.

Nsimire, kule mbele haiko sawa vile unafikiri. Miye miaka yote nilikuwa nawaza mwenye kuwa nyuma ya taili njo mwenye kuogopa, na mwenye volani anasikia tu mashini. Hapana. Kule mbele uko kipofu. Kioo ya pembeni inakuonyesha tope na majani, mutu wako hauone. Unajua iko pale nyuma, ameinama, kichwa karibu na taili, na muguu yako njo inashika uzima yake. Gari ilichoka mara ya kwanza, nikasimama, nikangoja. Moja. Nikapumuzika. Mbili. Nikaenda. Nikachoka tena, moja, mbili. Nikaanza kusema asanti Maria.

Karibu na juu, fasi inasimama sawa ukuta, nikasimama tena. Nikangoja ile moja. Haikuya.

Nikangoja. Muguu yangu iko ku freni, na gari inaanza kuteleza, polepole, sawa mutu anasinzia ku benchi ya kanisa. Kama nasonga mbele na yeye iko ameinama, nitamurudia mbele ya kupanda, sawa vile alinirudia. Kama naikala, gari inaweza kushuka na miye na yeye na yote. Nyuma yangu bashofere bakaanza kupiga honi, bengine banalia, "Enda, maman, enda!" Nikasikia pa, pa mu masikio. Kweli nilisikia. Lakini nilijiuliza, ni mukono yake, ao ni roho yangu njo inataka kusikia? Nikaona sikujua. Basi nikabaki. Nilikaza muguu na mikono mbili juu ya goti, nikalia, nikabaki.

Kisha, moja. Kidogo, sawa mutoto anagonga.

Kumbe aliteleza, gogo ikamuponyoka, ikabingirika mu mufereji, na yeye nyuma yake kwa tumbo, kiatu moja ikabaki mu tope. Hakuweza kulia, pumuzi ilimuisha. Alipanda tena na ile gogo akikumbatia, akaweka, akapiga.

Tulipofika juu nilizima gari na sikuweza kushuka, bamama njo balinishusha. Papa yako alikuwa ameikala chini, muguu moja haina kiatu, kifua inapanda na kushuka. Aliniangalia sana.

"Ulingoja," akasema.

Alisema vile sawa mutu amepewa ng'ombe. Hakusema kitu ingine mpaka Mwenga... hapana, nadanganya, alisema batu batuletee muhogo. Na toka pale mikono yake ikarudi. Njo anaendesha. Lakini miye woga haikuisha, iligeuka tu mbili, ya mbele na ya nyuma.

Sasa jibu yako.

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa nayo tayari mu kinywa mbele ya ile mulima. Naogopa tope, naogopa barrière za njiani na bale batu hatujue ni ba nani, naogopa siku motari ataleta barua na mutu mwengine njo ameandika. Lakini ata ukibaki Nyawera ukishona, nitaogopa. Woga yangu haiwezi kuwa sheria yako.

Pacifique namupenda. Anasalimiaka bazee na heshima, haleweke, freni ya gari yake anaiangaliaka mwenyewe. Lakini sijamuona akingoja kitu. Akifika kwetu anapiga honi ku mulango, hashuke. Ku meza anakata bugali mbele maji ya kunawa imufikie ule wa mwisho. Haiko mubaya, ni kijana. Lakini ku mulima ile ni kufa.

Basi fanya hivi. Kwanza usikubali kuwa mutu wa gogo peke yake. Tukifika, papa yako atakufundisha volani, mpaka ata kupanda ujue. Kisha siku moja tutaenda bote ku mupando ya Bagira, gari ikiwa na muzigo. Pacifique akae ku volani, papa yako pembeni yake. Miye na weye nyuma. Mukubaliane juu ya mukono kabisa, moja na mbili, mbele ya sisi bote. Akisimama katikati, papa yako atashikilia na freni ya mukono, miye nitaweka gogo na mawe pande zote, na weye utajitosha uende kusimama mbali, ku mufereji.

Na usipige.

Batu bapige honi, bamutukane, bamuambie enda. Ata akikuita, nyamaza. Kama anaondosha gari hajasikia mukono yako, utarudi ku mashini yako, na kwa famille yake nitaenda kusema miye mwenyewe kama haupande naye, na sitaona haya. Lakini kama anabaki pale, anatoka jasho, na haende, basi utapanda naye. Nitalia, lakini sakoshi yako ya safari nitaifunga miye na mikono yangu.

Usimuambie Pacifique kama ni kipimo. Na papa yako pia usimuambie, hajue kuficha.

Unisalimie koko yako, ule muzee wa Mumosho, umuambie asipande tena ku paa kufunga bati, angoje tufike. Salimia shangazi yako mwenye kuuza samaki, na padri yetu, umuombe atutaje kwa misa. Kumbatia badogo yako moja moja, usibaweke pamoja. Motari amekwisha kuwasha, ananiangalia vibaya.

Nakuacha kwa Mungu, na kwa bajirani.

Miye maman yako, mwenye kuogopa na mwenye kukupenda,

M'Mugisho