Pengo Kati ya Masale

Jumatatu, 3 Juni

Ukungu hadi saa nne. Baridi imeingia magotini. Maziwa yalikuwepo saa kumi na mbili na nusu, chupa imening'inizwa kwa kamba kwenye pengo la masale, mimea ya mpakani, kama kila siku. Nimeichukua, nimeacha gazeti la jana. Shemeji Aloisi hulisoma likiwa limechelewa siku moja na hajawahi kulalamika. Tulianza hivi mume wangu, yaani kaka yake, alipofariki. Hatukupanga. Huu ni mwaka wa kumi na moja.

Beatus amepiga simu tena. Nilimfundisha darasa la sita na hakuwa anamaliza kazi. Sasa anaikarabati hoteli ya marehemu baba yake mjini na anataka kuifungua upya tarehe 29. Nimekubali kumwandikia maelezo ya ukutani kuhusu mlima na watu wake. Nimetoa sharti moja. Hakuna uongo ukutani.

Jumatano, 5 Juni

Mjini. Hoteli hiyo naijua. Tembo wa saruji mlangoni, picha za simba, mazulia mekundu. Hakuna hata kitu kimoja kilichomwambia mgeni kwamba yuko Moshi. Vyote vimeondolewa. Nimefurahi.

Msanifu ni binti anayeitwa Nasra, mzaliwa wa mjini hapa hapa, kwao ni karibu na soko. Hijabu nyeusi na mabuti ya ujenzi. Aliniamkia kabla sijafika mlangoni. Nimempenda. Sikumwonyesha.

Dari ya mapokezi ameitengeneza kwa fito zilizopinda zikakutana juu, kama msonge wa zamani. Uani amepitisha mfereji mwembamba wa mawe, maji yanasikika ukiwa mezani. Nimemweleza kwamba huku juu tunauita mfongo, na kwamba wazee waliyaleta maji kutoka korongoni kwa mifereji ya namna hiyo, kila ukoo kwa zamu yake. Aliandika kila neno.

Kulikuwa na sanduku la ngao za Kimasai. Beatus anasema wageni wanazipenda. Nimemwambia Wamasai wanazo na wanajua kuzieleza, zirudi zilikonunuliwa.

"Mwalimu, bado unatuchapa tu," akasema.

Zimerudi.

Umebaki ukuta mrefu wa mapokezi, mtupu. Nasra anataka kitu kinachoota. Nimetaja masale. Macho yake yaling'aa. Nimemwahidi ya nyumbani kwangu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeandika maelezo ya isale. Nayanakili hapa.

"Isale ni mmea wa majani marefu. Wachagga huupanda mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, na kwenye makaburi ya wazee. Aliyekosa hulifunga fundo jani lake na kumpelekea aliyemkosea. Aliyekosewa hawezi kukataa."

Fupi. Nimeridhika.

Jumamosi, 8 Juni

Gari la hoteli lilifika saa tatu, Nasra na wafanyakazi watatu. Wameng'oa safu yote iliyo kati ya kihamba changu na cha Aloisi. Mashina ishirini na sita, kwa mizizi, kwa uangalifu. Aloisi yuko Kahe kwa binti yake hadi kesho jioni.

Mpaka haujaguswa. Wapima ardhi waliweka bikoni za saruji zamani, na hati ninayo kabatini. Toka siku ile masale yamekuwa majani tu.

Nasra aliniuliza mara mbili kama hakuna mwingine wa kuombwa ruhusa. Nilimjibu kwamba mwenye ruhusa ni mimi.

Jumapili, 9 Juni

Misa ya kwanza. Uwanja unaonekana mpana sana. Naona jiko la Aloisi kutoka kitandani kwangu. Sijazoea.

Jumatatu, 10 Juni

Aloisi amerudi. Hakuna maziwa.

Nilisimama na gazeti mkononi. Pengo halipo. Safu ikiondoka, pengo nalo huondoka. Nililiweka juu ya bikoni, nikaliwekea jiwe. Jioni lilikuwa palepale, limelowa.

Jumanne, 11 Juni

Amekuja saa nne. Hakukaa. Chai hakuigusa.

"Shemeji, nani ameng'oa?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi. Bikoni zipo, Shemeji. Hati ipo."

"Sikuulizi hati."

Kisha akaeleza, akitazama ukuta. Siku baba yao alipowagawia kihamba, Aloisi alikuwa na miaka tisa. Mume wangu alichimba mashimo. Aloisi alishika miche. Baba alifukia kila mmoja kwa mikono yake, hakutumia jembe, akawaambia kwamba hapo hakuna atakayegombana.

Miaka thelathini na tisa ya ndoa na mume wangu hakuniambia. Au aliniambia nami nilikuwa nasahihisha madaftari.

"Umeyapeleka wapi?"

"Hotelini. Mapokezi."

Alicheka, lakini si kwa furaha. "Kumbe Baba amepata kazi. Anapokea wageni."

Akaondoka.

Ijumaa, 14 Juni

Maziwa ya pakiti, ya dukani. Nimeisoma hati ukurasa kwa ukurasa. Nina haki. Nina haki kabisa.

Chai haina ladha.

Jumapili, 16 Juni

Misani. Padri alipotuambia tutakiane amani niligeuka, mkono tayari. Aloisi alikuwa benchi la nyuma yangu. Alimpa mkono mtu wa kulia, wa kushoto, na mtoto mchanga aliyebebwa. Kisha akafungua kitabu cha nyimbo. Hana miwani ya kusomea. Aliivunja Pasaka, na tangu hapo gazeti husomewa na mpwa wake.

Mkono wangu niliurudisha kwenye mkoba kana kwamba nilikuwa natafuta leso.

Nimekosa. Naliandika ili nisiweze kulikana kesho. Sikumkosea kwa kutojua tu. Binti mgeni aliniuliza mara mbili, na mimi nilijiona najua. Nimeogopa pia. Aloisi ana miaka sabini na sita, mimi sabini na mbili. Mmoja wetu akifa wiki hii, mambo yatabaki hivi.

Jumatatu, 17 Juni

Inanipasa kumpelekea isale. Nimezunguka kihamba chote, migomba, kahawa, hadi mfongoni. Hakuna hata shina. Nimeyatoa yote. Jirani anayo, lakini nikimwomba atauliza ni la nini, na kufikia jioni kijiji kizima kitajua. Zaidi ya hayo, kuomba msamaha kwa jani la mtu mwingine ni nusu ya kuomba.

Nikashuka mjini.

Masale yamepangwa kwenye vyungu vya udongo mbele ya ukuta mrefu, mwanga unayaangukia kutoka juu. Ni pazuri. Hilo ndilo lililoniumiza. Na juu yake, kwenye ubao wa mti wa mruka, maneno yangu kwa herufi kubwa. Nimesimama nikayasoma kama mtu asiyeyajua. Hupandwa mpakani. Aliyekosa hufunga jani.

Nimemweleza Nasra yote.

"Bibi, lakini niliuliza."

"Uliuliza. Niliyekosea ni mimi."

Sikumbuki mara ya mwisho kuitamka sentensi hiyo.

Beatus alitoka ofisini. Nimemwambia masale lazima yarudi. Alishika kichwa. Zimebaki siku kumi na mbili, wageni wamealikwa, picha zimekwishapigwa.

"Mwalimu, si majani tu haya?"

Nilimkazia macho hadi akatazama viatu vyake. Halafu nikakumbuka hayo ni maneno yangu, ninayo hapa kwenye kurasa hizi. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba tulikubaliana hakuna uongo ukutani, na kwamba mpaka wa watu ulioletwa bila wenyewe kujua, ukaandikiwa maelezo kuwa ni mpaka, ni uongo, hata ukimwagiliwa kila siku.

Nasra alimjibu kabla yangu. "Yarudi, bosi. Ukuta nitaufikiria."

Alinikatia jani moja kwa mkasi wake. Nimelibeba ndani ya gazeti.

Jumanne, 18 Juni

Nimefunga fundo mara tatu. Vidole havitii. Desturi inataka mtu wa kati, na mbege, pombe yetu ya ndizi. Nilikwenda peke yangu, mikono mitupu ila jani.

Aloisi alikuwa zizini akimkatia ng'ombe majani. Hakugeuka. Nimesema, "Shemeji, nimekukosea. Nimeng'oa alichopanda Baba." Nikanyoosha mikono yote miwili.

Aliendelea kukata. Mganda mmoja. Wa pili. Ng'ombe alinitazama zaidi kuliko yeye.

"Umelitoa wapi? Kwako hakuna hata moja."

"Hotelini."

"Mjini?"

"Mjini."

Akaweka panga chini. "Kwa hiyo, Shemeji, umekwenda hadi mjini kuazima isale la kwako mwenyewe."

Hapo alicheka hadi akashika nguzo. Kicheko cha kweli. Kicheko cha kaka yake. Akalipokea jani kwa mikono miwili, akalichomeka juu ya mlango wa zizi.

Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa na nikalia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Alijifanya anatafuta kupe kwenye ng'ombe hadi nilipomaliza.

Nimelala mchana, jambo nisilolifanya. Nimelala kama mtu aliyetua mzigo.

Alhamisi, 20 Juni

Aloisi alitaka kwenda hotelini mwenyewe. Shati la Jumapili, panga ndani ya gunia. Mlinzi akamzuia getini na kumuuliza amekuja kumwona nani.

"Nimekuja kumchukua baba yangu. Yuko mapokezi."

Nasra alikuja mbio kutuokoa.

Aloisi alisimama chini ya dari muda mrefu. Akagusa fito, akasukuma moja kuona kama inashika. "Imekaa vizuri," akasema. "Lakini msonge wa babu ulikuwa na ng'ombe ndani. Wenu yuko wapi?"

"Yuko jikoni, Babu," Nasra akajibu.

Aloisi amelirudia neno hilo njia nzima ya kurudi.

Sikujua alichokuja kufanya hadi alipotoa panga. Nilidhani ni kubeba tu. Alikata kila shina kiunoni, mshazari, mara moja. Sehemu yenye mizizi iliingia guniani. Sehemu ya juu, na majani yake, aliichomeka tena kwenye chungu na kushindilia udongo kwa gumba. Isale halibembelezwi, alisema, likikatwa linaota. Wazazi warudi nyumbani. Watoto wabaki mjini, kama watoto wote wa huku.

Uso wa Beatus ulikunjuka kwa mara ya kwanza wiki hii. Ukuta wake haukubaki mtupu.

Kisha Aloisi akanivua miwani yangu puani, akasoma ubao.

"Hapa umeandika uongo."

"Wapi?"

"Hawezi kukataa. Nani amekuambia hawezi? Mimi nimeweza siku nane."

"Hukuwa umeletewa jani."

"Hata ningeletewa. Na juzi zizini niliwaza. Mganda wa kwanza nilikuwa nakataa."

Nilikuwa nimefundisha jambo hilo miaka yote. Nililifundisha kama sheria ya maumbile, kama maji kushuka. Ikiwa hawezi kukataa, basi hajatoa kitu.

Nimechukua karatasi ya Nasra na kuandika upya mstari wa mwisho. "Aliyekosewa anaweza kukataa. Hupokea." Aloisi ameusoma mara mbili, akanirudishia miwani.

Jumamosi, 22 Juni

Tumepanda. Mpwa wake alichimba mashimo yaleyale. Udongo ulikuwa bado laini. Mimi nilishika mashina, nikayapitisha moja moja. Aloisi alifukia kwa mikono, amepiga magoti, na hakukubali kusaidiwa kuinuka isipokuwa mwishoni.

Baada ya shina la kumi na tatu aliacha nafasi. Aliipima kwa upana wa mabega yake.

Mgongo unauma. Sijali.

Jumamosi, 29 Juni

Ufunguzi. Nimekaa mstari wa mbele kwa sababu Beatus aliniweka hapo. Hotuba ndefu mno. Masale ya vyunguni yamelegea kidogo, lakini yanaishi. Wageni wengi walipiga picha dari. Mama mmoja wa makamo, mtu wa mlimani kwa mavazi yake, alisimama mbele ya ubao na hakupiga picha. Alisoma, akaligusa jani kwa ncha ya kidole, akatoka nje na simu sikioni. Sijui alimpigia nani.

Nasra amepata kazi nyingine Arusha. Ameniomba nikamsomee maandishi ya huko. Nimemjibu nitafikiri. Nimekwishafikiri. Nitakwenda.

Jumatatu, 8 Julai

Ukungu. Magoti afadhali.

Mashina matatu yamechipua. Bado ni mafupi, hayafiki kifuani, hakuna pa kufungia kamba. Chupa nimeikuta chini, katikati ya pengo, imekaa juu ya bikoni. Vuguvugu bado.

Nilikuwa nimeamka mapema na kushuka dukani kulipokea gazeti. La leo. Sijalifungua. Nimeliacha pengoni, nimeliwekea jiwe.

Nitalisoma kesho.